Minara ya mviringo ya Corsica: je, ilijengwa kuwazuia maharamia?

"Mwalimu, shikamoo. Ninafanya kazi kwenye meli ya abiria, na mwaka huu tumepita mara kadhaa pembezoni mwa kisiwa cha Corsica, katika bahari ya Mediterania. Karibu kila rasi ina mnara wa mawe, mfupi na mnene, wa mviringo, na mlango wake uko juu sana ya kichwa cha mtu bila ngazi yoyote. Mwenzangu mmoja anasema hiyo ni minara ya Wasaraseni, yaani Waislamu, kama Wazungu wa zamani walivyowaita. Mwingine anasema Wakristo waliijenga ili kupigana na maharamia wa Kiislamu. Mimi ni Mwislamu na jambo hili limenikaa moyoni, kwa hiyo ningependa kulijua vizuri. Lakini kuna linalonitatiza zaidi: mnara mdogo hivyo, wenye watu wachache, ungewezaje kulizuia kundi la merikebu? Au ni hadithi za kuwapendeza watalii? Na nikipata siku ya mapumziko, je, ninaweza kuutazama mnara na kujua ni wa mwaka gani, kisha nikaupanda?"

Marahaba, ndugu yangu. Barua yako imefunga pamoja maswali kadhaa: nani aliijenga minara hii, ilimlenga nani, na kama kweli ilifaa kitu. Nitaanza na hilo la mwisho, kwa sababu ukishaelewa mnara ulivyofanya kazi, hayo mengine hujifungua kwa urahisi, na hata hilo lililokukaa moyoni litapata mahali pake.

Shaka yako ni ya haki kabisa. Mnara wa watu wanne usingeweza kulizuia kundi la merikebu, na waliouweka pale walilijua hilo kuliko sisi. Kosa liko kwenye neno "kuzuia". Tukisikia habari za mnara wa ulinzi, mawazo hutupeleka moja kwa moja kwenye ngome yenye kuta ndefu, mizinga mingi na mamia ya askari. Mnara wa mwambao wa Corsica ulikuwa mbiu ya mgambo iliyojengwa kwa mawe. Kazi yake ilikuwa kuona mapema na kupaza sauti, ili watu waliokuwa mashambani na machungani wapate muda wa kukimbilia milimani pamoja na mifugo yao. Ukishafanya hivyo ulikuwa umetimiza wajibu, hata kama wavamizi wangechukua kila kitu kilichosalia ufukweni.

Ili uone kwa nini muda ulikuwa na thamani kubwa hivyo, tazama mvamizi alikuwa akitafuta nini. Katika karne ya 16, waliotoka Algiers, Tunis na Tripoli hawakuja Corsica kwa ajili ya dhahabu, maana wakazi wengi wa kisiwa hicho walikuwa wakulima na wachungaji wasio na mali ya kusemwa. Walitafuta watu. Mateka mwenye afya aliuzwa sokoni au alifungwa kwenye makasia, na aliyekuwa na jamaa wenye uwezo alingoja kukombolewa kwa fedha. Chombo chao kilikuwa merikebu nyembamba ya makasia, isiyozama sana majini, inayoweza kusogezwa karibu kabisa na mchanga. Walipenda kujificha usiku nyuma ya rasi, kushuka kabla ya alfajiri, kukizingira kijiji watu wakiwa bado wamelala, na kuondoka jua halijapanda. Shughuli nzima ilitegemea kushtukiza. Kijiji kilichokwisha kuamka hakikuwa na faida tena, kwa sababu kumfukuza mchungaji katika vichaka vya milima anayoijua tangu utotoni ni kupoteza siku, na kila saa iliyopita ilimweka hatarini yule aliyeacha chombo chake ufukweni chini ya walinzi wachache.

Sasa piga hesabu kidogo, maana wewe ni mtu wa bahari na utaielewa upesi. Mtu aliyesimama mita 30 juu ya usawa wa bahari huona kiasi cha kilomita 20 kabla maji hayajajikunja chini ya upeo wa macho, na ikiwa chombo kina mlingoti, ncha yake huonekana mbali zaidi. Merikebu ya makasia, kwa mwendo ambao wapiga makasia wanaweza kuuhimili kwa muda mrefu, ilikwenda kilomita sita au saba kwa saa. Mlinzi aliyekiona chombo kwenye ukingo wa upeo alikuwa na karibu saa tatu mkononi. Mpandishe juu zaidi na hesabu inabadilika kabisa: mnara wa Turghiu, ulio juu ya Capu Rossu katika pwani ya magharibi, umekaa kwenye genge lenye urefu wa zaidi ya mita 300, na kutoka hapo upeo uko zaidi ya kilomita 60. Mara nyingine utakapopita chini yake, tazama juu ujiulize mzinga wa enzi zile, uliotundikwa kimo hicho, ungefanya nini dhidi ya chombo kinachopita chini ya genge. Karibu usingefanya chochote. Aliyechagua mahali pale alitaka macho.

Kuna kazi ya pili ambayo wasimulizi wengi huiruka, nami naiona kuwa na uzito karibu sawa na ya kwanza, nayo ni kulinda maji. Merikebu ya makasia ilibeba watu wengi mno kwa ukubwa wake, mara nyingi zaidi ya mia mbili kwenye zile kubwa, na mtu anayevuta kasia chini ya jua la kiangazi hunywa maji bila kukoma. Nafasi ya mapipa ilikuwa finyu, hivyo kila baada ya siku chache nahodha alilazimika kutafuta mlango wa mto au chemchemi iliyo karibu na ufuko. Ndiyo maana minara mingi haiko mbele ya vijiji, ambavyo tangu zamani vilikuwa vimejitenga na pwani na kupanda milimani, bali iko kwenye vighuba na midomo ya mito ambako leo huoni sababu ya kuweka mlinzi. Mzinga mmoja mdogo hauzamishi merikebu, lakini unatosha kuwasumbua watu waliobeba mapipa ufukweni.

Kuhusu namna ya kupasha habari, utaratibu ulikuwa rahisi. Asubuhi na jioni walinzi walipanda juu ya sakafu ya mnara, wakaikagua bahari na vighuba vya karibu, kisha wakatoa ishara kwamba kumetulia au kuna hatari. Mchana walitumia moshi, usiku moto, na kwa watu wa karibu walipuliza kombe kubwa la baharini ambalo Wakorsika huliita culombu, kama baragumu. Kila mnara ulipaswa kuonana na wenzake wa kulia na kushoto, hivyo ishara ikarukia rasi hadi rasi kwa kasi ambayo hakuna makasia yangeweza kuifikia. Wachungaji walioshuka pwani majira ya baridi, wavuvi na wavunaji wote waliishi kwa kutegemea ishara hiyo ya asubuhi.

Sasa tuingie ndani. Kama meli yenu inazunguka ncha ya kaskazini ya kisiwa, kwenye rasi ndefu ya Cap Corse, tafuta mnara wa Santa Maria uliosimama ukingoni mwa maji. Upande wake mmoja umeanguka wote, na kilichobaki ni kama mtungi uliopasuliwa kutoka juu hadi chini, unaokuonyesha kila kitu bila kuingia. Minara ya namna hii kwa kawaida ina kimo cha mita 12 hivi na kitako cha mita 10, na huwa mipana chini kuliko juu. Sehemu ya chini haina mlango. Hapo mara nyingi kulikuwa na birika, na maji ya mvua yaliyodondoka kwenye sakafu ya juu yalishuka kwa mfereji hadi humo. Juu yake kuna chumba chenye dari ya kuba ambamo walinzi waliishi, wakapika na kulala, na juu kabisa kuna sakafu ya wazi yenye ukuta mfupi na matundu yanayotazama chini, ya kudondoshea mawe juu ya kichwa cha atakayesogea.

Mlango ulioushangaa uko kwenye ghorofa ile ya kuishi, kama mita tano kutoka ardhini. Walinzi walipanda kwa ngazi ya mbao au ya kamba, kisha wakaivuta ndani. Wavamizi waliokuwa na saa chache tu hawakuwa na vifaa wala subira ya kubomoa kuta nene kwa ajili ya watu wanne maskini, na walinzi wenye maji ya birika na mikate mikavu wangeweza kukaa humo hadi wavamizi wachoke. Umbo la mviringo nalo lina sababu zake: halina pembe ambayo risasi ya mzinga ingeivunja kwa urahisi, wala halina upande ambao mlinzi haoni.

Walinzi hao waliitwa torregiani, na kwa kawaida walikuwa kati ya wawili na sita. Waliajiriwa kutoka miongoni mwa wenyeji na kulipwa kwa kodi za wenyeji hao hao. Walitakiwa kukaa mnarani muda wote, na aliyekwenda kuchukua chakula au mshahara aliondoka peke yake na kurudi ndani ya siku mbili. Pia walikusanya ushuru kwa vyombo vilivyotia nanga karibu. Ukiwaza upepo wa majira ya baridi kwenye rasi tupu, na mshahara unaochelewa, hutashangaa kwamba baadhi yao waliiacha minara wakaenda zao. Malalamiko juu ya minara isiyo na baruti au isiyo na mtu yalijirudia mara kwa mara.

Sasa nani aliijenga? Wasaraseni hawakuijenga. Corsica ilikuwa chini ya Jamhuri ya Genoa, dola ya mji wa bandari ulioko Italia ya leo, na kwa muda mrefu, kuanzia mwaka 1453, iliendeshwa kwa niaba ya Genoa na benki ya San Giorgio, yaani benki iliyotawala kisiwa, jambo ambalo hadi leo hunifanya nitabasamu. Mashambulizi yalipozidi, vijiji vilipeleka maombi, na kuanzia miaka ya 1530 Genoa ilituma wakaguzi kuizunguka pwani na kupanga mahali pa kujenga. Ujenzi uliendelea hadi mnamo 1620, na minara ikafikia mia moja na kitu. Sehemu kubwa ya gharama na ya jasho iliwaangukia wanavijiji wenyewe, na ubishi juu ya nani alipe ulidumu muda mrefu kama minara yenyewe.

Jina lililomchanganya mwenzako lina maelezo mepesi. Nchini Italia, hasa kusini, watu huiita minara ya aina hii "minara ya Kisaraseni", wakikusudia minara ya kujikinga na Wasaraseni. Kiswahili nacho kina mtego huo huo: tunasema "dawa ya mbu", na hakuna anayedhani kwamba mbu ndiye mwenye dawa. Huko Corsica kwenyewe jina la kawaida ni minara ya Kigenoa, na ndilo sahihi kwa iliyo mingi.

Nafika kwenye lililokukaa moyoni, na sitalipamba. Ni kweli kwamba wavamizi waliotarajiwa na minara hii walitoka katika miji ya Kiislamu ya Afrika Kaskazini, na ni kweli kwamba waliwachukua watu utumwani. Mwaka 1583 watu wa Algiers waliingia Sartène, mji ulioko ndani na juu ya kilima, wakachukua mateka wapatao 400. Lakini ukiishia hapo utakuwa umesoma ukurasa mmoja wa kitabu chenye kurasa nyingi. Mashujaa wa dini wa Malta, yaani wapiganaji wa Kikristo walioapa kwa dini yao, na wale wa Santo Stefano ambao jimbo la Toscana liliwaunda miaka ya mwanzo ya 1560, walifanya kazi ile ile upande wa pili: walivamia pwani za Waislamu, wakakamata vyombo vyao, na kuwauza mateka Malta na Livorno. Merikebu za Genoa zilivutwa na Waislamu waliofungwa minyororo. Turgut Reis, nahodha wa Kiislamu ambaye Wazungu walimwita Dragut na ambaye jina lake lilitisha pwani yote hiyo, alikamatwa mwaka 1540 katika ghuba ya Girolata, hapo hapo Corsica, na Giannettino Doria wa Genoa. Akawekwa kwenye makasia hadi alipokombolewa mwaka 1544.

Wala mpaka wa dini haukuwa mpaka wa watu. Hasan Corso, aliyeitawala Algiers kwa muda mfupi mwaka 1556, alizaliwa Corsica, akachukuliwa, akasilimu na kupanda ngazi hadi juu. Wakorsika kama yeye walikuwa wengi katika miji ile, na baadhi yao waliwaongoza wavamizi kwenye vighuba walivyocheza utotoni. Mwaka 1553 mfalme wa Ufaransa, Mkristo, alishirikiana na merikebu za sultani wa Istanbul kuishambulia Corsica ya Wagenoa, na miongoni mwa viongozi wa majini alikuwamo Dragut huyo huyo, huku Mkorsika Sampiero Corso akipigana upande wao nchi kavu. Hata neno haramia linahitaji tahadhari. Wengi wa watu hawa walikuwa na kibali cha mtawala wao na walimpa fungu lake la nyara, hivyo upande mmoja waliitwa wezi na upande wa pili wapiganaji halali. Kwa maoni yangu, ilikuwa biashara ya kukamata na kukomboa watu, na dini iliipa biashara hiyo bendera. Genoa yenyewe mwaka 1597 ilianzisha ofisi maalumu ya kukomboa mateka wake, na ofisi ya namna hiyo haianzishwi kwa ajili ya balaa linalotarajiwa kwisha kesho.

Je, minara ilifanikiwa? Jibu la kweli lina pande mbili. Mashambulizi hayakukoma: Sartène ilivamiwa wakati minara mingi imeshasimama, na mnara usio na baruti, au ambao mlinzi wake amelala, ni rundo la mawe tu. Kwa upande mwingine, kushtukiza kulikuwa kugumu zaidi, na watu walithubutu kulima tena mabonde ya karibu na bahari. Faida ya namna hii haiachi kumbukumbu, kwa sababu kijiji kilichokimbia salama hakiandikiwi ripoti. Hatari yenyewe ilififia katika karne ya 18 na kwisha Wafaransa walipoiteka Algiers mwaka 1830.

Huenda mtu akakuletea mfano unaopingana nami, nao ni mzuri. Februari 1794, wakati wa vita na Ufaransa, Waingereza waliushambulia mnara wa Mortella katika ghuba ya Saint-Florent, uliojengwa na Wagenoa miaka ya 1560. Merikebu mbili, Fortitude yenye mizinga 74 na Juno yenye 32, ziliupiga kwa zaidi ya saa mbili na kurudi nyuma. Mnara ulikuwa na mizinga mitatu tu, lakini risasi zake zilizochomwa hadi kuwa nyekundu ziliiwasha moto Fortitude, na zaidi ya mabaharia 60 waliuawa au kujeruhiwa. Ulisalimu amri baadaye, uliposhambuliwa kwa mizinga ya nchi kavu. Waingereza walipoondoka kisiwani mwaka 1796 waliubomoa kwa baruti, na nusu yake bado imesimama. Hata hivyo hawakuusahau: kati ya 1805 na 1812 walijenga minara 103 kwenye pwani zao za kusini na mashariki wakimhofia Napoleon, wakaiita Martello, jina la Mortella lililopotoshwa. Lakini angalia tofauti. Mortella ulikuwa chini, karibu na maji, ukiwa na mizinga mizito na askari wa jeshi la dola. Wachungaji wanne wa Turghiu wasingefanya hivyo.

Kuhusu kukadiria mwaka kwa macho, nakusihi usijiamini sana. Mviringo mara nyingi huashiria Genoa na karne ya 16 au mwanzo wa 17, lakini mnara wa Porto, wa Wagenoa vile vile, ni wa pembe nne, na ule wa Nonza, ambao wageni huuhesabu pamoja na mingine, ulijengwa katika karne ya 18 wakati wa Pasquale Paoli, kiongozi aliyepigana na Genoa hiyo hiyo. Mingi imekarabatiwa, mingine imejengwa upya nusu nzima, na mawe mapya yaliyochongwa vizuri humdanganya hata mtaalamu anayetazama kutoka melini. Andika jina la rasi, upande mnara ulipo na umbo lake. Kwa jina la rasi, nyaraka za Ajaccio na Bastia, pamoja na nyaraka za taifa zilizoko Genoa, zinaweza kukupa mwaka na hata hesabu za mafundi, na ofisi ya mji wa karibu mara nyingi hujua ni nani wa kumwuliza.

Kupanda ni jambo jingine. Usijaribu kuingia katika mnara uliobomoka kwa kukwea hadi mlango ule wa juu: chokaa ya zamani hushikilia jiwe hadi siku moja isiposhikilia, na kuba lililopasuka haliwezi kupimwa kwa macho ya mpita njia. Mnara ukiwa na ufa mpana au mawe yaliyolala chini yake, utazame kwa mbali, na ukihitaji kuufahamu kwa undani muulize msimamizi wa mambo ya kale wa eneo hilo afike nawe. Ukitaka kuingia kwa usalama, ule wa Porto hupokea wageni na una ngazi. Kama una nusu siku na miguu mizuri, nenda Turghiu, uliokarabatiwa. Ondoka asubuhi mapema, chukua maji mengi kwa sababu kivuli njiani ni kidogo, na ukifika juu simama ukiangalia magharibi uhesabu ni muda gani chombo cha kwanza utakachokiona kitachukua kufika chini yako.